Goma: Kuchoma rangi ya bawaba kuukuu kwenye mbabula ni kupika sumu nyumbani

Mtu anayerudi kwake baada ya kuhama hatafuti kwanza kitanda wala kiti. Anatafuta mlango. Kambi zilizozunguka mji wa Goma zilivunjwa mwezi wa pili mwaka 2025: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine. Familia nyingi zilirudi upande wa Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, zikakuta nyumba zimebaki kuta tu, na pengine hata kuta hazipo. Mbao zilikwisha kuwa kuni, mabati yalibebwa, milango iling'olewa pamoja na fremu zake. Wengine walibaki mjini, kwa jamaa au katika vyumba vya mbao vya kupanga huko Ndosho na Mugunga. Hao nao wanahitaji kitu cha kufunga usiku. Mama mwenye wasichana wawili hawezi kulala kwa amani nyuma ya bashi iliyofungwa kwa kamba.

Mbao za mlango zinapatikana. Kazi iko kwenye chuma: bawaba, ambazo mafundi wanaziita pomele, kitasa, komeo, kadena, skrubu. Zile mpya za bei ndogo ni nyembamba kama mfuniko wa kopo. Mlango ukiwa mzito kidogo zinapinda kabla mvua mbili hazijapita. Za zamani ni nene, zilitengenezwa zikae. Ndiyo maana watu wanakwenda kwenye marundo ya vyuma vikuukuu, Birere na soko la Virunga, kuchagua bawaba zilizotoka katika nyumba zilizobomolewa. Nyingine zinatoka Bukavu, ambako nyumba za wakati wa Wabelgiji, enzi mji ule bado unaitwa Costermansville, zinaangushwa ili magorofa yasimame. Na nyingine, tusemane ukweli, ziling'olewa katika nyumba za watu waliokimbia. Inawezekana mtu akanunua bawaba ya mlango wake mwenyewe bila kujua. Hilo linastahili mazungumzo yake peke yake.

Bawaba hizo zimepakwa rangi mara tano, mara sita. Nyeupe juu ya kijani, kijani juu ya buluu, na chini kabisa rangi ya machungwa. Rangi imeingia katika pini hata bawaba haigeuki, imefunika mifereji ya skrubu hata bisibisi haipati pa kushika. Muuzaji anajua kwamba bawaba iliyong'aa inapata bei nzuri kuliko ile yenye magamba. Kwa hiyo anaitupa katika mbabula yenye makala ya moto. Rangi inatoa mapovu, inawaka, inatoa moshi mweusi wenye harufu kali, kisha chuma kinatolewa, kinapigwa nyundo, na watoto wanapewa visu na mchanga wakikwaruze hadi king'ae. Wanalipwa franka chache kwa rundo. Mara nyingi mbabula ile ile, saa sita mchana, inawekewa sufuria ya maharagwe.

Kazi hiyo inafaa ikome. Si kazi ya kuokoa vyuma vya zamani, kwani hiyo ni akili nzuri na inasaidia watu. Kinachofaa kukoma ni moto juu ya rangi, na kukwaruza kavu katikati ya lupango ambamo watoto wanatambaa.

Sababu ni madini ya risasi, ambayo mafundi wa betri wanayajua kwa jina la Kifaransa, plomb. Kwa miaka mingi sana watengenezaji wa rangi waliyatia katika rangi kwa makusudi: yalifanya rangi ifunike vizuri, ikauke haraka, istahimili mvua. Rangi nyeupe ya zamani ilikuwa na risasi. Rangi nyingi za njano na za machungwa zilikuwa nayo. Na rangi ya kwanza iliyopakwa juu ya chuma ili kisishike kutu, ile ya machungwa iliyokolea inayoitwa minium, yenyewe ni risasi iliyochanganywa na mafuta.

Hapa kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi. Si kila rangi nyekundu ya kuzuia kutu ni minium. Ile ya kahawia nyekundu, kama udongo wa matofali, kwa kawaida imetengenezwa kwa oksidi ya chuma, yaani kutu yenyewe iliyosagwa, nayo haina neno. Ya machungwa angavu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Lakini jicho halitoshi. Rangi nyeupe yenye risasi na rangi nyeupe isiyo na risasi zinafanana, hazina harufu tofauti, na chuma kinachotoka katika nyumba ya zamani hakina karatasi ya kusema kilipakwa nini. Kwa mtu asiye na kipimo, njia ya busara ni moja: kila rangi kuukuu juu ya chuma ichukuliwe kuwa ina risasi.

Wala hii si habari mpya iliyogunduliwa juzi na wazungu wa mashirika. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1909 ya kuondoa rangi nyeupe ya risasi katika kazi za wapakaji nyumba. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuikataza ndani ya majengo, na mkataba huo ulisema pia kwamba vijana wa chini ya miaka 18 wasiajiriwe katika kazi ya kupaka rangi ya namna hiyo. Marekani ilichelewa, ilikataza rangi ya risasi katika nyumba za watu mwaka 1978. Kwa hiyo miaka zaidi ya 100 iliyopita watu wazima walikaa mezani wakakubaliana kwamba kijana asiguse kitu hiki kazini. Leo, mtoto wa miaka minane anakikwaruza kwa kisu cha jikoni, na hakuna anayeona ajabu.

Inapochomwa, risasi haiteketei. Hilo watu wengi hawalijui, kwa sababu moto katika mawazo ya watu unasafisha kila kitu. Mafuta ya rangi yanaungua, lakini risasi inabaki. Sehemu inapanda na moshi, sehemu inabaki katika majivu, sehemu inaanguka kama vumbi laini juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sahani, juu ya ardhi. Risasi inayeyuka kwenye digrii 327, na makala yaliyopepewa vizuri yanapita hapo mbali sana. Mtoto anayetambaa anashika ardhi, kisha anaweka vidole mdomoni. Haihitaji ale kipande cha rangi. Vumbi la kutosha halionekani hata kwa macho.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mtoto mdogo, akimeza kiasi kile kile na mtu mzima, mwili wake unaweza kunyonya mara nne au mara tano zaidi. Na mtoto mwenye njaa, aliyepungukiwa na madini ya chuma au kalisi katika chakula chake, anaipokea zaidi tena. Maneno hayo ya mwisho yanafaa yasomwe mara mbili na kila anayeishi na watoto waliotoka kambini. Watoto waliokula mlo mmoja kwa siku kwa miezi mingi ndio ambao miili yao iko tayari zaidi kuichukua sumu hiyo.

Inafanya nini? Ikiwa nyingi kwa mara moja inaleta tumbo kuuma, kutapika, degedege, kupoteza fahamu, hata kifo. Ikiwa kidogo kidogo haileti kelele. Inapunguza damu, inaumiza figo, na zaidi ya yote inaharibu ubongo unaokua. Mtoto anachelewa kusema, hashiki masomo, hatulii, anakasirika ovyo. Mwalimu anasema ni mkaidi. Jamaa wanasema ni vita iliyomuharibu, na huenda vita nayo ina sehemu yake. Lakini hakuna anayekumbuka mbabula ya vyuma iliyokuwa mlangoni mwaka mzima. Kwa mwanamke, risasi inajificha katika mifupa, na wakati wa mimba inatoka humo na kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo.

Kuna chuma kingine chenye tabia yake. Bawaba na misumari iliyopakwa zinki, ile nyeupe ya kung'aa kama bati jipya, ikiingizwa katika moto mkali sana inatoa moshi mweupe. Mafundi wa kuchomelea wanaujua: jioni mwili unatetemeka, homa inapanda, viungo vinauma, asubuhi inaisha. Wengi wanakunywa dawa za malaria kwa ugonjwa ambao si malaria.

Na maziwa? Katika karakana nyingi kuna imani kwamba kikombe cha maziwa baada ya kazi kinaosha moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, na mtoto anayepata kalisi ya kutosha anapokea risasi kidogo zaidi kupitia tumboni. Lakini maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Kikombe hakifuati moshi huko. Fundi anayenunua maziwa kila jioni angefanya vizuri zaidi kununua ndebe moja ya maji ya moto, kama inavyoelezwa hapa chini.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Kivu wana mambo makubwa zaidi ya kuhofu. Kuna risasi za bunduki, kuna kipindupindu, kuna mpox, kuna njaa, na sasa mtu anakuja kuwatisha kwa rangi ya bawaba. Hoja hiyo ina uzito, haifai kudharauliwa. Mama anayelipwa kwa kukwaruza vyuma ananunua unga kwa pesa hizo, leo. Hata hivyo kuna tofauti. Vita haiko mikononi mwa mama huyo. Maji machafu, mara nyingi, hayako mikononi mwake. Mbabula iko mikononi mwake. Kati ya hatari zote zinazozunguka lupango, hii ni moja ya chache ambazo zinaweza kuondolewa leo jioni bila kumngoja mtu wa Kinshasa, wala wa Geneva, wala wa mahali pengine popote. Na hakuna anayeambiwa aache kuuza bawaba.

Hata kwa upande wa biashara yenyewe, moto ni mwizi. Ndani ya kitasa cha zamani kuna springi ndogo inayorudisha ulimi wa kufuli. Springi ikipata moto hadi iwe nyekundu inapoteza nguvu. Kitasa kinarudi kung'aa nje na kimekufa ndani. Mnunuzi anafika nyumbani, anafunga, ulimi haurudi. Vishikio vyeupe vizito ambavyo watu wanadhani ni chuma, vingi vilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki unaoyeyuka karibu na digrii 385. Vikitupwa kwenye makala vinakuwa uji. Bawaba nyembamba inapinda, na pini yake inaota magamba ya moto hata inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Shaba ya njano inabadilika rangi na kupoteza ugumu wake. Ukihesabu vitasa vinavyofia katika mbabula, na makala yaliyoliwa, moto si njia ya bei ndogo. Ni njia ya haraka tu, na haraka hiyo analipia mwingine.

Maji ya moto yanaifanya kazi hiyo hiyo. Chuma na rangi havipanuki sawa vinapopata joto, na rangi ya zamani ya mafuta inalainika ndani ya maji ya moto, inaachia chuma. Inachukuliwa sufuria kuukuu, ndebe, au kopo kubwa la mafuta ya msaada, yale ya bati ambayo kila aliyepita kambini anayajua. Vyuma vinapangwa ndani, maji yanavifunika, kunatiwa vijiko viwili vya sabuni ya unga. Maji ya majivu yaliyochujwa, yale ambayo bibi wa zamani walilainishia maharagwe, yanafanya kazi nzuri pia, pengine kuliko sabuni. Moto uwe wa nje, upande ambao upepo hauingii nyumbani. Maji hayahitaji kuchemka kwa fujo. Yawe ya moto yenye mapovu madogo tu pembeni. Yasiachwe yakauke, kwa sababu kopo likikauka ni mbabula tena.

Saa moja inatosha kwa rangi dhaifu. Rangi ngumu inahitaji saa nyingi, au inaachwa humo usiku kucha makala yakizimika yenyewe. Kisha chuma kinatolewa kwa koleo, kimoja kimoja, na kinakwaruzwa kingali cha moto na chenye maji, kwa kipande cha mti kilichochongwa au burosi ngumu ya plastiki. Mara nyingi rangi inatoka kama ngozi, tabaka zote kwa pamoja, na hilo linafurahisha hata kuliangalia. Ikishindikana, chuma kinarudi majini. Hakikwaruzwi kikavu. Papie ya vere na burosi ya chuma havitumiki kwa rangi kuukuu iliyokauka, kwani hivyo ndivyo vinavyotengeneza vumbi. Pini iliyoganda inapigwa polepole kutoka chini baada ya kupata joto la maji. Mifereji ya skrubu inasafishwa kwa ncha ya msumari, ndani ya maji yale yale.

Chuma kilichovuliwa rangi kinashika kutu mbele ya macho, hasa Goma na unyevu wake. Kwa hiyo kinafutwa mara moja, kinakaushwa karibu na moto au juani, na kinapakwa mafuta ya mashine kidogo. Mafuta ya mawese hayafai, yanaganda na kunata. Kama kitapakwa rangi mpya, mafuta yanaachwa na rangi ya kuzuia kutu inapakwa siku hiyo hiyo. Hapo mnunuzi angeuliza dukani kama rangi hiyo mpya haina risasi, na adai kuoneshwa maandishi kwenye kopo. Kameruni iliweka sheria mwaka 2017 kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika milioni moja. Si kitu kilicho mbali na nchi za Afrika.

Watengenezaji wa sabuni wanajua dawa yenye nguvu zaidi, soda kostiki. Ni kweli inavua rangi usiku mmoja bila moto. Ni kweli pia kwamba inapofusha jicho na kula ngozi, na kwamba katika lupango lenye watoto inaongeza hatari moja juu ya nyingine. Anayeizoea kwa kazi yake ya sabuni anajua kwamba soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji polepole, si maji juu ya soda. Asiyeizoea aiache. Na chochote cha aluminiamu kisiingie humo, wala katika maji makali ya majivu: kinaliwa, kinatoa gesi inayoshika moto.

Gharama ya makala ndiyo swali la kweli. Makala Goma ni ghali, na kila gunia lina hadithi yake na msitu wa Virunga. Familia moja kuwasha moto saa nne kwa ajili ya bawaba mbili ni upotevu. Lakini kopo moja kubwa linabeba bawaba arobaini. Watu wanaojua kuchanga likelemba wanajua pia kuchanga moto: nyumba kumi za avenue moja, siku moja, kopo moja, makala ya kuchangia. Kwa muuzaji wa vyuma hesabu ni nyepesi zaidi, kwa sababu moto mmoja wa jioni unafanya rundo zima, naye analala.

Kuna swali ambalo watu hawaliulizi: je, rangi hiyo ni lazima itoke? Rangi ya zamani iliyoshika vizuri juu ya chuma haimdhuru mtu. Inakuwa hatari inapobanduka, inapochomwa, inapokwaruzwa. Bawaba inayogeuka, yenye rangi nzima isiyo na magamba, inaoshwa kwa maji na sabuni, inapakwa rangi mpya juu, inafungwa mlangoni. Basi. Pahali pa kusafisha ni pini na tundu za skrubu tu. Kukwaruza kwingi kunakofanyika sokoni ni kwa ajili ya macho ya mnunuzi, si kwa ajili ya mlango. Mnunuzi akiacha kudai bawaba inayong'aa, na akikubali kuchukua iliyo na rangi yake kwa bei ya haki, moshi mwingi wa Birere utakosa sababu. Yule anayevuta shingo sokoni akisema hii ni chafu, nataka ile nyeupe, ndiye aliyewasha makala, ingawa hajui.

Halafu kuna uchafu wenyewe, na hapo mji wa Goma una ugumu wake. Vitabu vinasema chimba shimo. Shimo gani? Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, na mwaka 2021 ikafika Buhene. Mtu anachimba kwa mtarimbo nusu siku apate kina cha goti. Maji nayo yanapenya katika nyufa za mawe, na watu wananywa maji ya ziwa na maji ya mvua. Kwa hiyo maji ya kopo yanaachwa yatulie usiku, ili mapande na tope vizame. Maji ya juu yanamwagwa polepole chooni kupitia kitambaa. Hayamwagwi kwenye bustani ya lenga-lenga, wala karibu na tangi la maji ya mvua, wala katika mfereji unaokwenda ziwani. Mapande na tope na kile kitambaa vinawekwa katika kopo moja lenye kifuniko, mbali na watoto. Huko Rutshuru au Masisi, ambako udongo unachimbika, kopo hilo linaweza kuzikwa ndani sana, mbali na shamba na chemchemi.

Aliyefanya kazi anaosha mikono na uso kabla ya kula, na mama kabla ya kunyonyesha. Nguo za kazi haziingii kitandani. Ardhi inafutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi kavu. Sufuria iliyotumika haitarudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa hadi ionekane mpya. Itobolewe tundu juu, karibu na ukingo, ili hata jirani akiikuta asiipikie. Na bashi ya kutandika chini isiwe ile ambayo juu yake mihogo inaanikwa. Katika lupango ambamo vyuma vimechomwa miezi mingi, majivu ya mbabula hiyo yasitiwe shambani wala yasitumiwe kusugulia vyombo, kama akina mama wengi wanavyofanya.

Mtoto aliyekaa karibu na kazi hiyo kwa muda mrefu, mwenye tumbo linalouma bila sababu au degedege lisilo na homa, apelekwe kwenye kituo cha afya, na mzazi aseme wazi: tulikuwa tunachoma vyuma vyenye rangi. Muuguzi hawezi kulifikiria hilo kama hakuambiwa. Atafikiria malaria, na hatakuwa na kosa.

Mzigo huu haufai kuachwa kwa akina mama na watoto peke yao. Mashirika yanayogawa mbao, mabati na bashi kwa wanaorudi, mara nyingine yanasahau kwamba mlango bila bawaba ni ubao tu. Bawaba mbili nene, komeo moja na skrubu zake katika mzigo wa kila familia zingeondoa nusu ya safari za kwenda kwenye marundo. Wenye mamlaka ya mji, kwa yeyote aliye ofisini, wanachukua kodi ya kila kibanda cha vyuma. Sehemu ya kodi hiyo inatosha kuweka pipa moja lenye kifuniko mwishoni mwa soko kwa ajili ya mapande ya rangi, na mtu wa kulibeba. Machefu wa avenue wanaweza kukataza, kwa neno tu, kazi ya kukwaruza isifanywe na watoto wala isifanywe mahali panapopikwa. Wamekwisha kukataza mambo magumu zaidi ya hayo.

Wauzaji wenyewe ndio wa kuanza. Kibanda cha kwanza Birere kitakachoweka kopo la maji ya moto nyuma yake, na kumruhusu mnunuzi ajaribu kitasa mbele yake ili aone kwamba springi ingali hai, kitakuwa na kitu cha kuuza ambacho vibanda vya jirani havina.